Vidonge vya Zuhura

Nyumba ile imebomolewa na hakuna aliyeniuliza. Najua hakukuwa na sababu ya kuniuliza. Nilikuwa mpangaji tu, tena wa mwaka mmoja, na miaka tisa imepita tangu nihame. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Singida kwa kazi, nikapita Mwankoko kwa miguu, nikakuta uani pale pamemwagwa mchanga na kokoto, na fundi mmoja amesimama mahali kilipokuwa kitanda changu, anakula chapati. Nilimsalimia. Akaniuliza kama namtafuta mtu. Nikamwambia hapana, na ulikuwa uongo, kwa sababu tangu niache barabara ya lami nilikuwa namtafuta mtu mmoja, na nilijua vizuri kwamba hayupo. Wote wa nyumba ile hawapo tena Mwankoko. Jioni ile nilianza kuandika haya. Sijayaandika ili nijisikie vizuri. Nimejaribu njia nyingine zote za kujisikia vizuri na sijaona kazi yake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya sosholojia ndani ya bahasha ya kaki, na kazi ya kujitolea ya kufundisha kidato cha kwanza na cha pili katika shule moja pembeni ya mji. Nilibisha kila kitu. Nilimbishia mwalimu mkuu kuhusu viboko, nikambishia mchungaji kuhusu Hawa na lile tunda, nikambishia muuza asali kama asali yake ni ya nyuki wadogo kweli au ameongeza maji ya sukari. Chuoni walituambia kuuliza ni mwanzo wa kujua, nami nilikuwa nimelichukua hilo kama watu wanavyochukua ubatizo. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilichokuwa nakiuliza sana ni maneno ya wengine. Yangu mwenyewe sikuyauliza hata siku moja.

Chumba changu kilikuwa cha tatu kutoka getini, katika safu ya vyumba vinne vilivyojengwa nyuma ya nyumba kubwa. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye ufa uliotoka mlangoni hadi chini ya kitanda, na asubuhi sisimizi waliufuata kama barabara yao. Kulikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, meza, boksi la vitabu, jiko la mkaa nililolitoa nje nikipika na kulirudisha ndani likipoa. Upepo ulipita kati ya ukuta na bati bila kubisha hodi, ukaleta vumbi, na ilipofika mwezi wa saba ukaleta harufu ya alizeti kutoka kwenye mashine ya kukamulia mafuta. Dirisha lilitazama jikoni kwa mama mwenye nyumba, Mama Shabani, kwa hiyo maisha yake yote yaliingia chumbani kwangu: vitunguu vikikaangwa, redio ya mawaidha, na maneno. Alikuwa mjane, anauza khanga na vitenge barazani, na ukoo wake ulitoka pwani zamani, tangu enzi za babu wa babu. Hakuwahi kuishi huko hata mwezi mmoja, lakini Kiswahili chetu kilimuumiza. "Unasema 'naendaga'? Mwalimu mzima? 'Naendaga' ni nini hiyo, mnyama?" Nami nikambishia kwamba lugha ni ya wanaoizungumza. Akaniambia basi niizungumze mbali na dirisha lake.

Zuhura alikuwa mkwewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa wafugaji wa Kinyangiri, ameolewa na Shabani, mtoto pekee wa kiume wa mama yule. Shabani alikuwa mfanyabiashara wa kuku. Alizunguka vijijini kununua kuku wa kienyeji, akawapakia kwenye matenga juu ya lori na kwenda nao Dar es Salaam, halafu akakaa huko hadi waishe. Alirudi baada ya wiki mbili, wakati mwingine tatu, akinuka mavi ya kuku na pafyumu. Wiki ya kwanza niliyohamia, Zuhura alinisikia nikiongea na simu Kinyiramba, akaja mlangoni amembeba mtoto wake Idi, akanijibu kwa Kinyiramba hicho hicho kabla hata sijamaliza kuongea na mtu wangu. Alicheka kwa sauti nene isiyofanana na mwili wake. Tangu siku hiyo nilikuwa na mtu. Aliniita Profesa. "Profesa wa Mwankoko, leo umembishia nani?" Nami nikamsimulia, akacheka, na siku niliyokuwa nimekosea aliniambia nimekosea.

Idi alizaliwa kwa upasuaji, na upasuaji ule haukwenda vizuri. Kidonda kilichelewa kupona. Daktari alimwambia Zuhura asibebe mimba nyingine mpaka mtoto apite miaka miwili, kwa sababu kovu la ndani linaweza kufumuka. Alimwambia wakiwa wawili tu, na Zuhura hakumwambia mama mkwe. Alikuwa ananieleza haya huku anachambua mchele kwenye ungo, haniangalii. "Nataka wanne," alisema. "Lakini nataka na kuwaona wakikua." Kwa hiyo alikuwa anatumia vidonge vya majira. Shabani alijua na hakujua. Zuhura alipoanza kumweleza, yeye alisema, "Hayo ya wanawake malizaneni wenyewe," akawasha redio. Tatizo lilikuwa Mama Shabani. Kila mgeni aliyekuja barazani alisikia kwamba mwanawe ana mtoto mmoja tu, kama mtumishi wa serikali, na kwamba wasichana wa siku hizi wanakausha vizazi vyao kwa madawa. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga kwa ajili ya swala, mama yule alitoa magodoro yote ya nyumba nje yapigwe jua, la mwanawe likiwemo. Alikung'uta mito, akafungua makabati ili yapate hewa. Hakuwa anatafuta kitu. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha kutunza nyumba. Lakini hakuna kitu ambacho kingeweza kufichwa humo na kupita Ijumaa mbili.

Basi vidonge vikakaa kwangu. Nilivitia ndani ya kopo la maziwa ya unga nyuma ya boksi la vitabu. Nesi wa zahanati, Paulina, alikuwa amempima Zuhura mwenyewe siku moja ya kliniki ya Idi, akakubali mimi niwe nachukua pakiti. Karatasi ya maelezo iliyokuja na pakiti ya kwanza, iliyokunjwa mara nyingi kama barua ya siri, niliwashia mkaa. Sikuifungua. Mimi, niliyesoma hadi magazeti yaliyofungia vitumbua.

Kila jioni baada ya swala ya magharibi Zuhura alikuja na sahani iliyofunikwa. Hicho kilikuwa kisingizio: anampelekea mpangaji chakula. Alipika kama mama mkwe alivyomfundisha, pilau, mchuzi wa nazi siku nazi zikipatikana, lakini siku Mama Shabani akienda kwa ndugu zake mjini tulisonga ugali wa mtama chumbani kwangu na kuula na mlenda, kwa kuutafuna kidogo na kuumeza sana, tukicheka kwamba tunakula magendo. Idi alikaa sakafuni akifuata sisimizi kwa kidole. Nilimimina chai. Zuhura alichukua kopo, akabonyeza kidonge kikatoka, akakiweka kwenye ulimi na kunionyesha kama watoto wanavyoonyesha pipi, kisha akanywa chai. Halafu alikaa. Kidonge kilichukua sekunde mbili na yeye alikaa saa nzima. Tuliongea mambo ambayo siwezi kuyakumbuka. Nakumbuka tu mwanga wa taa ya sola, na jinsi alivyokuwa anajikuna shavu kwa ncha ya khanga akifikiri, na kwamba niliporudi kutoka shuleni nilikuwa natembea haraka. Tangu wakati huo nimeishi katika nyumba nzuri zaidi, zenye maji ndani na watu wazuri. Sijawahi tena kutembea haraka hivyo kwenda popote.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatatu alfajiri, nilipigiwa simu kwamba baba yangu mdogo amefariki Ulemo. Nilifunga chumba kwa kufuli, nikatia ufunguo kwenye pochi, nikapanda basi la asubuhi nikiwa na khanga mbili tu na mswaki. Niliamini tutazika Jumanne na Jumatano niko shuleni. Lakini mtoto wake mkubwa alikuwa Mwanza, ikabidi asubiriwe, tukazika Jumatano, na baada ya maziko likabaki tanga. Wanawake wa nyumba tulilala chini kwenye mikeka, tukipika kwenye masufuria makubwa, na hakuna binti wa ukoo anayeondoka kabla tanga halijaondolewa. Nilimuuliza shangazi kwa nini. Alikuwa anakuna sufuria kwa jivu. "Kwa nini nini?" akasema. "Ukiondoka leo watu watasema ulikuja kula."

Jumatatu ile ile jioni Zuhura alikuwa amenipigia. Ili kupata mtandao ilibidi nipande juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na watoto wote wa msiba wakanifuata.

"Profesa, pole na msiba. Funguo ya chumba iko wapi?"

"Ninayo hapa."

"Ee! Sasa?"

"Nakuja keshokutwa. Meza ukiniona."

Jumanne alipiga tena, sauti ya chini, nikasikia redio ya mawaidha nyuma yake. "Hii ni ya pili sasa. Na ujue ndiyo pakiti mpya. Zile za kahawia za mwishoni nilimaliza Jumapili."

"Basi vizuri, maana sitoki hapa kabla ya Ijumaa. Mwili ulikuwa unapumzika, unaendelea kupumzika."

"Nivunje kufuli?"

"Mama atauliza umefuata nini chumbani kwangu."

"Niende mjini, duka la dawa? Nitasema nampeleka Idi."

Nilikuwa nimechoka, nimelia, watoto walikuwa wanavuta khanga yangu wakitaka kuona simu. Lakini hiyo si sababu. Hata ningekuwa nimelala vizuri ningejibu vile vile, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa na mimi nilikuwa mtu wa majibu. Nikamwambia: "Ya nini yote hiyo? Umemeza miezi mingapi? Dawa iko mwilini, haiishi kwa siku nne. Nikirudi utameza hizo ulizoruka kwa pamoja, zitafidia."

"Una uhakika?"

"Zuhura. Nimesoma."

Neno hilo lilimtosha. Lilikuwa linawatosha watu wengi wakati ule, hata mimi.

Tanga liliondolewa Ijumaa asubuhi na alasiri nilikuwa Mwankoko. Magodoro yalikuwa bado uani. Zuhura alinipokea pochi getini, akanipa pole kwa sauti ya kila mtu kusikia, kisha tulipoingia ndani akabonyeza vidonge vinne vya siku zilizopita na kimoja cha siku ile, akavipanga kwenye kiganja. "Vitano," akasema. "Kama mgonjwa wa malaria." Akameza. Usiku kucha alikuwa na kichefuchefu. Jumamosi mchana Shabani alirudi kutoka Dar, ameuza vizuri, amemletea mkewe viatu, na alikaa nyumbani siku tisa. Kicheko kile kinene nilikisikia kutoka nyumba kubwa, na nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi kwa ajili yao.

Wiki ya tatu baada ya hapo nilienda zahanati kuchukua pakiti nyingine. Nesi Paulina alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyependa maneno mengi. Nikamsimulia habari za msiba, na nikamsimulia jinsi tulivyotatua lile la vidonge, kama mtu anayesimulia ujanja wake. Akaweka kalamu chini.

"Aliruka vingapi?"

"Vinne."

"Vya mwanzo wa pakiti?"

"Ndiyo, alikuwa ndio amemaliza vile vya kahawia."

"Mume alikuwepo?"

"Alirudi siku ya pili yake."

Alivua miwani. "Umesoma nini chuoni, mwanangu?"

"Sosholojia."

"Basi ungenipigia simu mimi niliyesoma vidonge." Hakusema kwa hasira. Alichukua pakiti tupu kutoka kwenye droo na kunionyesha kwa ncha ya kidole, kidonge kwa kidonge. Vile vya kahawia havizuii chochote. Ni madini ya chuma, vinaongeza damu na kumsaidia mtu asipoteze hesabu. Ukivisahau hivyo hakuna kinachoharibika, mradi pakiti mpya uianze siku yake. Vyeupe ndivyo vyenye kazi. Ukisahau kimoja cheupe, unakimeza ukikumbuka, unaendelea kama kawaida, hata kama ni kumeza viwili siku moja. Ukiruka viwili au zaidi mfululizo, unameza kimoja ulichoruka mwisho, unaendelea na kimoja kila siku, vile vya nyuma unaachana navyo, na kwa siku saba mnatumia kondomu au mnakaa mbalimbali, mpaka kinga irudi. "Na vibaya kuliko vyote kuruka ni hivi hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye safu ya kwanza, "vinavyopakana na vya kahawia. Siku saba mwili haukuwa na dawa. Ukaongeza nne. Hizo ni kumi na moja. Mayai yanaamka, mwanangu. Na kumeza vitano kwa mkupuo hakurudishi siku zilizopita, kunatapisha tu."

"Na sasa?"

"Mngekuja ndani ya siku tano baada ya kulala pamoja, kuna dawa ya dharura. Sasa ni kusubiri."

Nilirudi nyumbani na pakiti mpya kwenye mkoba. Zuhura alikuwa anaanua nguo. Akaniuliza, "Paulina anasemaje?" Nikamwambia, "Anakusalimia."

Nimejaribu kueleza hili kwa watu wawili tu maishani, na wote walitaka kunisaidia kwa kusema nilikuwa na hofu. Sikuwa na hofu ya Zuhura. Nilichohofia ni kupoteza lile jina aliloniita kila jioni anapoingia na sahani, na macho aliyoniangalia nayo nikimweleza dunia. Nilitaka jioni zile ziendelee hata siku kumi zaidi. Zikaendelea, kweli, na kila moja ilikuwa na ladha mbaya. Akafika kwenye vidonge vya kahawia na damu haikuja. Tukanunua kipimo mjini. Alikojoa ndani ya kikombe changu cha plastiki, tukakaa kitandani tukikitazama kijiti kile, mistari ikawa miwili, na Idi akaja akataka kukinyakua.

"Labda dawa ilikuwa mbovu," Zuhura alisema.

Nikasema, "Labda."

Na mimi ndiye niliyekuwa nasimama darasani kuwaambia watoto wapime kila wanachosikia. Neno lile halikubaki chumbani. Zuhura alimwambia jirani yetu, Mama Sefu, wakiwa kwenye foleni ya pampu ya maji, kwamba yeye alimeza vidonge kila siku iliyowezekana na bado kashika mimba. Mama Sefu akaacha vyake. Baada ya mwezi nilisikia wanawake nisiowajua wakisema kwamba vidonge vya zahanati yetu ni unga wa muhogo. Paulina alikuwa analaumiwa na hakujua kwa nini. Nilimwona sokoni mara moja, akanisalimia vizuri, nikajifanya nachagua nyanya.

Mimba ilipofika mwezi wa tano Mama Shabani alimsindikiza mkwewe kliniki kwa mara ya kwanza, na mkunga akasema wazi mbele yake kwamba mama huyu alikatazwa, kwamba kovu lake ni la kuangaliwa, na kwamba atajifungulia hospitali kubwa, si hapa. Waliporudi walikaa jikoni. Nilikuwa nasahihisha madaftari dirishani.

"Daktari alikukataza?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomzaa Idi."

Nikasikia kijiko kikiwekwa chini. "Na mimi niko humu humu, napiga domo na wageni kila siku, hakuna aliyeniambia?"

"Niliogopa, Mama. Ulikuwa unasema unataka wajukuu."

"Nataka wajukuu wenye mama!" Sauti yake ilipasuka. "Ningekumezesha mwenyewe! Kwa mkono wangu huu, kila siku, na maji ningekuchotea! Mmenifanya mchawi ndani ya nyumba yangu." Kisha alilia, mwanamke yule aliyesahihisha Kiswahili cha mtaa mzima, alilia kwa sauti isiyo na maneno. Niliwaza mambo yote niliyokuwa nimeyauliza mwaka ule. Hili moja, kama mama huyu kweli angekataa, sikuliuliza. Nililichukua kama lilivyo, kwa sababu lilifanana na vitabu vyangu.

Mwezi wa nane wa mimba walipanga aende Dodoma akakae kwa dada wa Shabani, karibu na hospitali. Siku moja kabla ya safari, mchana, alikuja kuniaga. Alikaa kitandani kwa shida, miguu imevimba. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu Paulina alichoniambia, siku aliyoniambia, na kwamba yeye nilimjibu "anakusalimia".

"Ungeniambia siku ile ile, kulikuwa na la kufanya?"

"Hapana. Muda ulikuwa umepita."

"Basi ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

"Yangu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Alishika ukuta, akainuka, akakataa mkono wangu. Mlangoni alisema, bila kugeuka, "Ningekusamehe kosa. La kuninyamazia, sijui." Kesho yake niliposikia gari linawashwa nilitoka, lakini alikuwa ameshapanda na kioo kimefungwa.

Nilisubiri wiki tano. Sikuwa mtu wa kuomba, na niliomba. Nilimuuliza Mama Shabani habari kila asubuhi, naye alinijibu kila asubuhi, kwa upole ambao ulikuwa mzito kuubeba kwa sababu hakujua anampa nani. Kisha siku moja, saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka darasani, simu ikaita. Sauti ilikuwa dhaifu lakini ilikuwa yake.

"Mtoto wa kike."

"Na wewe?"

"Nipo." Alivuta pumzi. "Kovu lilikuwa limeanza kuachia, wakaniwahi. Wamenifunga kizazi. Wamesema mara ya tatu isingekuwepo." Nikasikia kichanga kikilia, kisha yeye tena. "Usilie. Sina salio la kusikiliza kilio. Nina kazi ya kukupa. Mimi ndiye niliyewaambia wanawake wa pampuni kwamba dawa mbovu. Nenda kawaambie ukweli. Wote, pamoja. Useme na jina lako."

"Nitaenda."

"Leo," akasema, na akakata.

Hakurudi kuishi Mwankoko. Shabani alihamishia biashara Dodoma, na mwaka uliofuata Mama Shabani aliuza nyumba akawafuata. Nilimwandikia Zuhura ujumbe nikimweleza nilichofanya siku ile, akajibu, "Sawa. Asante." Sikukuu huwa namtumia salamu na yeye hujibu. Ana watoto wawili, alitaka wanne. Binti yake yuko darasa la tatu na sijawahi kumwona.

Siku ile ya simu nilikwenda pampuni moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado mikononi. Kulikuwa na ndoo kama ishirini kwenye foleni, na wanawake saba wamekaa kivulini mwa ukuta, Mama Sefu katikati yao akisuka mkeka. Niliwaamkia wakubwa. Nikasema jina langu ingawa wananijua, nikaanza. Nilisema kuhusu kufuli, msiba, jiwe la Ulemo, siku nne. Nilisema kwamba Zuhura aliniuliza kama nina uhakika. Nilisema kwamba Paulina hakukosea kitu.

"Kwa hiyo dawa haikuwa mbovu," Mama Sefu alisema mwishoni.

"Haikuwa mbovu. Mimi nilisema nisichokijua."

"Na ndiye unayetufundishia watoto?"

"Ndiye."

Mmoja akaguna, mwingine akacheka, si kwa ubaya sana. Mama Sefu aliweka mkeka pembeni. "Haya, mwalimu. Mimi nimekaa bila dawa miezi yote hii kwa maneno yenu, na Mungu kanisitiri tu. Sasa nijibu. Nikimeza, halafu muda kidogo nikatapika, hicho kinahesabiwa nimemeza au sijameza?"

Wote wakaniangalia. Nilihisi jibu linapanda kooni, zuri, lenye mantiki, limeshajipanga maneno yake.

"Sijui," nikasema. "Paulina anajua."

Mama Sefu alinitazama kama anayepima kitambaa. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Basi twende kwa Paulina. Ndoo zitatushikia foleni." Wengine wakainuka nyuma yake, mmoja mmoja, wakikung'uta vumbi. Nilitembea mwisho. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, na huko mbele Mama Sefu akasema neno moja kuhusu walimu wa kujitolea, wote wakaangua kicheko, na kwa kweli lilikuwa neno la kuchekesha. Kwa mazoea nikageukia pembeni yangu kumtazama Zuhura kama naye amelisikia.